Apolo Kivebulaya na Kazi ya Roho Mtakatifu

Wengi wetu tusikiapo habari za Roho Mtakatifu, twakumbuka upepo na ndimi za moto siku ya Pentekoste. Twasahau kwamba Roho yuyo huyo hukaa na Mkristo shambani, shuleni na njiani. Jambo hili twaliona katika maisha ya Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895.

Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaenda Mboga, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wamerudi kwao, kwa kuwa Tabaro, mtawala wa Mboga, aliwanyima chakula. Apolo hakungoja kulishwa. Alishika jembe akalima mwenyewe, akajenga, akawafundisha watu kusoma. Tabaro alikasirika, akaamuru apigwe. Kisha dada yake Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alisingiziwa, akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro. Mwenyewe alisimulia kwamba katika taabu zile Bwana Yesu alimtokea, akamtia moyo aendelee kuhubiri.

Alipofunguliwa, angaliweza kurudi kwao Buganda, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alirudi Mboga, kwa yule yule aliyempiga. Hatimaye Tabaro naye alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na jirani zao, akajifunza lugha yao, akawabatiza. Alifariki huko Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, wala si mashariki, upande wa nchi alikozaliwa.

Basi, ndugu zetu, tusidhani kwamba Roho alimshukia Apolo katika njozi tu. Alikuwa naye alipolima, na alipomfundisha mtoto herufi zile zile kila siku. Na zaidi sana alipoielekea tena nyumba ya adui yake. Kusamehe namna hiyo hakutoki katika nguvu za mtu. Ni tunda la Roho, na tunda haliivi kwa siku moja. Je, sisi tunaoomba Roho atushukie kanisani, tu tayari kwenda naye kesho kwa jirani aliyetukosea?