Tingatinga: Mchoraji wa Miaka Minne

Mswahili aliyeko Muscat, London au Toronto akiona ukutani picha ya chui mwenye madoadoa mithili ya shanga na macho yaliyomtoka, huitambua mara moja kuwa ni tingatinga. Vijana wengi, hata hivyo, huona neno hilo ni la mtindo tu, kama si la trekta. Kumbe ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika familia ya wakulima. Baba Mwislamu, mama Mkristo. Kama vijana wengi wa kusini enzi hizo, alikwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akawa mtunza bustani wa afisa mmoja Mwingereza.

Shule ya uchoraji hakuingia. Yasemekana alivutiwa na picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa jijini, na mwaka 1968 hivi naye akajaribu. Kwa kuwa turubai ilikuwa ghali, alitumia vipande vya hadibodi, vile vya kuzibia dari, pamoja na rangi inayong'aa ya kupaka baiskeli. Hutandaza kwanza rangi moja, kisha katikati humweka mnyama mmoja: tembo, fisi, au ndege aliyeuzidi mti ukubwa. Wanyama hao si wa porini hasa. Wako karibu zaidi na ndoto. Ulaya, wasanii wa ndoto walioitwa wasurealisti walikuwa na ilani yao tangu mwaka 1924. Tingatinga hakuwa na ilani, wala hakuihitaji.

Picha ziliuzwa chini ya mbuyu, Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, na wanunuzi wakubwa walikuwa wageni waliokaa jirani. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka. Biashara ilipochangamka aliwaita jamaa na marafiki, akina Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah, wakajifunza kwa kumtazama akichora.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam waliifyatulia risasi gari alimokuwa, wakidhani waliomo ni wezi wanaotoroka. Tingatinga akafariki dunia, akiacha mjane na watoto wawili wadogo. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na uchoraji wake ulidumu takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuliacha eneo lile. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake, na mtindo huo ukaenea hadi Zanzibar na Nairobi. Lakini picha alizozichora yeye mwenyewe ni adimu nyumbani. Wageni walizinunua kwa shilingi chache, wakaondoka nazo. Sahihi yake ya herufi kubwa, isiyo na madoido, nayo imewarahisishia kazi waghushi.