Arminius na Sura ya Tisa ya Warumi

Jacobus Arminius alizaliwa Oudewater, mji mdogo wa Uholanzi, yapata mwaka 1560. Baba yake alifariki yeye angali mdogo sana. Mwaka 1575, alipokuwa masomoni Marburg, Ujerumani, askari wa Hispania waliuteka Oudewater na kuwaua wenyeji wengi, mama yake na ndugu zake wakiwamo. Kijana alirudi akakuta magofu.

Aliyepatwa na hayo angeweza kusema kwamba yote yalikwisha kupangwa. Tena huko Geneva mwalimu wake alikuwa Theodore Beza, mrithi wa Calvin, aliyefundisha kwamba kabla ya kuumba Mungu alikwisha kuamua nani ataokolewa na nani atapotea.

Mwaka 1588 Arminius aliwekewa mikono kuwa mchungaji Amsterdam. Alihubiri Waraka kwa Warumi, na alipofika sura ya 7 malalamiko yakaanza. Sura ya 9 iliyazidisha. (Soma Warumi 9:6-16, kisha aya ya 30-32, ambazo wengi huziruka.) Katika Yakobo na Esau hakuona watoto wawili waliopangiwa uzima na mauti tumboni mwa mama yao. Aliona mifano ya watu wa aina mbili: wanaotafuta haki kwa matendo, na wanaoipokea kwa imani.

Kisha tauni ikauvamia mji, 1601 hadi 1602. Arminius aliingia katika nyumba za wagonjwa. Waumini wawili waliokuwa wakifa walifadhaika kwa kuwa hawakuona mioyoni mwao uhakika wa wokovu. Je, majina yao hayakuandikwa? Kwa watu hao suala hili halikuwa mjadala wa darasani tena. Aliwaeleza kwamba imani ni kitu kimoja, na kuhisi uhakika ni kingine.

Mwaka 1603 alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden, ambako mwenzake Franciscus Gomarus alimpinga vikali. Wapinzani walimshtaki kuwa anamwinua mwanadamu. Shtaka hilo halikuwa la haki. Alifundisha kwamba mwenye dhambi, kwa nguvu zake, hawezi hata kutaka jema. Lazima neema itangulie na kumwamsha. Ila neema hiyo yaweza kukataliwa. Mwaka 1608, mbele ya Bunge la Holland, alieleza kwamba fundisho la kina Beza linamfanya Mungu kuwa chanzo cha dhambi.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 1609, akiacha mjane na watoto. Sinodi ya Dordrecht ya 1618-1619 ililaani mafundisho ya wafuasi wake, na wachungaji wapatao 200 walipoteza mimbari zao. Lakini mwaka 1778 John Wesley alipoanzisha gazeti lake, alilipa jina la Arminius. Na ni katika Kanisa la Wamethodisti, lililotokana na kazi ya Wesley, ndimo Ellen White alimolelewa.