Habari za Maisha ya Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo za Kanisa

Katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Kilutheri limo jina la Paul Gerhardt. Wengi wamelisoma jina hilo juu ya wimbo pasipo kujua alikuwa mtu wa namna gani. Labda tumedhani ya kuwa mtu aliyeimba vile juu ya kumtumaini Mungu aliishi katika raha na amani, mbali na makaburi. Sivyo hata kidogo. Basi na tuyatazame maisha yake, kwa maana yanatufundisha neno linalotupasa sana sisi tunaoingia katika nyumba za msiba na Biblia mkononi.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika Gräfenhainichen, mji mdogo wa Saxony katika Ujerumani, usio mbali na Wittenberg, mji wa Luther. Baba yake alikuwa mkulima, tena mwenye nyumba ya wageni, na mmoja wa wakuu wa mji ule. Mtoto alipokuwa na miaka 11 ilianza ile vita kubwa iliyoiharibu Ujerumani kwa muda wa miaka 30, tangu 1618 hata 1648. Katika 1619 baba yake akafa. Katika 1621 mama yake naye akafa. Hivyo Paul alikuwa yatima wa baba na mama kabla hajatimiza miaka 15.

Ndugu zake wakampeleka katika shule ya Grimma, iliyokuwa shule yenye amri kali, naye akakaa huko miaka mitano. Mwaka 1628 akaingia chuo cha Wittenberg ajifunze elimu ya Mungu. Akakaa miaka mingi katika mji ule, kwa kuwa vita vilizunguka pande zote na njia nyingi zilikuwa zimefungwa. Katika 1637 askari wa jeshi la Uswidi waliuchoma moto mji wake wa kuzaliwa, na nyumba ya baba yake ikateketea, na kanisa pia. Tukumbuke ya kuwa Uswidi ilikuwa nchi ya Walutheri kama yeye. Mateso hayakumjia kutoka kwa watu wa imani nyingine. Yalimjia kutoka kwa jeshi lililosema limekuja kuilinda imani yake.

Yapata mwaka 1643 tunamkuta Berlin, akifundisha watoto katika nyumba ya mwanasheria mmoja, Andreas Berthold. Alikuwa mtu mzima asiye na usharika, asiye na mke, asiye na nyumba. Lakini katika mji ule alikuwako Johann Crüger, mwalimu wa waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, mtu mwenye kipawa kikubwa cha muziki. Huyu akazipenda nyimbo za Gerhardt, akazitilia sauti. Na katika kitabu cha nyimbo alichokitoa mwaka 1647 akatia nyimbo 18 za rafiki yake. Ndivyo watu walivyoanza kuziimba, nao walikuwa watu waliochoka kwa vita, njaa na tauni.

Mwaka 1651, akiwa na miaka 44, akawekewa mikono kuwa mchungaji, akatumwa Mittenwalde, mji mdogo wa kusini ya Berlin. Mwaka 1653 Crüger alitoa tena kitabu chake, na ndani yake mlikuwamo wimbo mpya wa Gerhardt wenye beti 12. Wimbo huo umejengwa juu ya Zaburi ya 37, mstari wa 5, ambapo mwimbaji wa kale anatuamuru kumwachia Bwana njia yetu na kumtumaini. Ukiyachukua maneno ya kwanza ya kila ubeti na kuyaunga pamoja, utausoma mstari wenyewe. Hakuna wimbo wake juu ya kumtumaini Mungu unaojulikana kuliko huu.

Juu ya wimbo huu inasimuliwa hadithi katika nchi nyingi. Husemwa ya kuwa Gerhardt alipoondolewa katika kazi yake Berlin, alikuwa safarini na mkewe, hawana fedha, wakalala katika nyumba ya wageni. Mkewe akalia sana, naye akatoka bustanini, akautunga wimbo ule, na usiku ule ule wakaja wajumbe wenye habari njema. Ni hadithi nzuri, lakini si kweli. Wimbo ulikwisha kupigwa chapa miaka 13 kabla hajaondolewa katika kazi, tena hapo alikuwa hajaoa. Sisi tunaofundisha Kitabu kisichoficha kitu hatuna ruhusa ya kuzipamba habari za watumishi wake. Na kweli yenyewe ni nzito kuliko hadithi. Kwa maana Gerhardt aliwafundisha wengine kumtumaini Mungu kwanza, na baadaye ndipo alipotakiwa kuyaishi maneno yake mwenyewe.

Mwezi wa Februari 1655 alimwoa Anna Maria, binti Berthold, wa nyumba ile ile alimofundisha Berlin. Yeye alikuwa karibu na miaka 48. Katika Mei 1656 wakapata mtoto wao wa kwanza, binti, wakamwita Maria Elisabeth. Katika Januari 1657, mtoto asiyetimiza hata mwaka mmoja, akafa.

Wazazi wakaweka kibao cha ukumbusho katika kanisa la Mittenwalde. Na ni maneno gani waliyoyachagua kuandikwa juu yake? Huyu baba alikuwa mtunga nyimbo mkubwa wa Kanisa. Angeweza kuandika beti za ushindi na furaha ya mbinguni. Hakufanya hivyo. Walichagua neno la Mwanzo 47, mstari wa 9. Ndipo Yakobo mzee anaposimama mbele ya Farao. Mfalme anamwuliza umri wake, na yule mzee hamjibu kwa maneno ya heshima tu, wala hajisifu kwa baraka zake. Anasema waziwazi ya kuwa siku zake zimekuwa chache, nazo zimekuwa mbaya.

Ndugu, tufikiri kidogo. Yakobo alikuwa na miaka 130 aliposema hivyo. Mtoto yule hakuwa na mwaka mmoja. Lakini wazazi waliona ya kuwa neno la mzee latosha kaburi la mtoto, kwa sababu ni neno la kweli. Siku zilikuwa chache. Zilikuwa mbaya. Hawakusema vingine, na neno hili la uchungu hawakulitafuta nje ya Biblia. Walilikuta ndani yake.

Hapa tuangalie uaminifu wa Maandiko Matakatifu. Vitabu vya wafalme wa dunia huandika ushindi wao na kuficha machozi yao. Biblia haifanyi hivyo. Inatuambia ya kuwa Ibrahimu alimlilia Sara, na ya kuwa Daudi alimlilia mwanawe Absalomu hata jeshi lililoshinda likaona haya. Inatuonyesha Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa, na Yeremia akifanya vivyo hivyo, ingawa alikuwa nabii. Imo Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo mstari mmoja wa furaha mwishoni, na wazee wa Israeli hawakuiondoa. Naye Bwana wetu Yesu Kristo alilia penye kaburi la Lazaro, ijapokuwa alijua ya kuwa baada ya muda mfupi atamwita atoke. Msalabani aliuomba mwanzo wa Zaburi ya 22, ulio ulizo la mtu aliyeachwa.

Mungu aliyeacha maneno haya yaandikwe katika Neno lake hakutaka watoto wake wajifanye kuwa hawana maumivu. Wazee wetu husema ya kuwa mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ndivyo ilivyo hata kwa huzuni. Mtu anayeificha mbele ya Mungu hana imani kubwa kuliko yule anayeileta mbele zake. Yakobo aliinena huzuni yake mbele ya mfalme wa kigeni. Si zaidi sisi kuinena mbele ya Baba yetu?

Turudi kwa Gerhardt. Mwaka ule ule wa 1657 aliitwa Berlin kuwa mchungaji katika kanisa la Mtakatifu Nikolai. Watu walimpenda, na nyimbo zake zikaenea. Lakini nyumbani mwake mauti ilibisha tena na tena. Kwa jumla Mungu aliwapa yeye na mkewe watoto watano, na wanne wakafa wangali wadogo sana. Mmoja tu, Paul Friedrich, aliyezaliwa mwaka 1662, ndiye aliyebaki.

Kisha ikaja taabu ya kazi. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Calvin, na watu wake wengi walikuwa Walutheri. Akataka kuyakomesha mashindano ya wahubiri, akatoa amri, na wachungaji wakatakiwa kutia sahihi ya kuwa wataishika. Gerhardt hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini aliona ya kuwa akitia sahihi atakuwa ameyaacha maungamo ya Kanisa lake, akakataa. Katika Februari 1666 akaondolewa katika kazi. Wenyeji wa mji na vyama vya mafundi wakamwombea kwa mtawala, na mwaka 1667 akaruhusiwa kurudi pasipo sahihi. Lakini alipofahamu ya kuwa hata hivyo anatazamiwa kuishika amri ile, dhamiri yake haikupata raha, naye hakurudi. Wako waliomwona kuwa mgumu mno, nasi hatuwajibiki kusema ya kuwa watu wote wa upande wa pili walikuwa wabaya. Twaona tu ya kuwa hakuuza dhamiri yake kwa mshahara, wakati alipouhitaji sana.

Mwezi wa Machi 1668 Anna Maria akafa. Gerhardt akabaki na umri wa miaka karibu 61, hana kazi, na mtoto mdogo wa kiume mkononi. Mwaka 1669 akaanza kazi katika mji mdogo wa Lübben, akatumika huko miaka saba. Nyimbo zake zote, zaidi ya 130, hatuoni ya kuwa alizikana hata moja. Wala hakukiondoa kile kibao cha Mittenwalde.

Alipoona ya kuwa mwisho wake u karibu, alimwandikia wosia mwanawe Paul Friedrich. Mali haikuwako nyingi ya kumwachia. Anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa wema wote aliomtendea tangu tumboni mwa mama yake hata saa ile, katika mwili na katika roho. Kisha anamwonya mwanawe aombe kwa bidii, ajifunze kazi ya heshima, akae na watu kwa amani, awatendee mema hata wale wasioweza kumlipa, na adumu katika imani yake. Akafa mwaka 1676, mwezi wa Mei, mwenye umri wa miaka 69, akazikwa katika kanisa la Lübben, ambalo leo linaitwa kwa jina lake.

Basi tutasemaje? Je, kibao cha 1657 na wosia wa 1676 vyapingana? Kimoja chasema siku ni chache na mbaya. Cha pili chamshukuru Mungu kwa wema wa siku zote. Fungua tena kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya 47 Yakobo analia mbele ya Farao. Geuza ukurasa, katika sura ya 48 mzee yule yule yu kitandani, anawabariki wana wa Yusufu, na hapo anamkiri Mungu aliyemchunga maisha yake yote hata siku ile. Kinywa ni kile kile. Neno la pili halikulifuta la kwanza. Biblia imeyaweka yote mawili, karibu karibu, yasomwe pamoja. Gerhardt alijifunza kuyasema yote mawili. Kwa sababu aliruhusiwa kusema la kwanza, twaweza kumwamini aliposema la pili.

Hii ndiyo sababu nyimbo zake zilizidi kuishi. Katika 1943 Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alipotiwa gerezani Berlin, nyimbo za Gerhardt alizozijua kwa moyo zilikuwa msaada wake katika chumba kile. Mfungwa hafarijiwi na wimbo wa mtu asiyejua taabu.

Walimu na wazee wa sharika, mara nyingi tunaingia penye kilio na kumwambia mama aliyefiwa anyamaze, kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Tunadhani tunailinda imani yake. Labda tunailinda hofu yetu wenyewe, maana hatujui la kujibu. Tuketi naye kwanza. Tumsomee Zaburi ya 88 kabla ya Zaburi ya 37, naye aone ya kuwa kilio chake kimekwisha kuandikwa katika Kitabu cha Mungu. Kisha, kwa saa yake, si yetu, tuimbe naye wimbo wa Paul Gerhardt, baba wa makaburi manne madogo, aliyemwachia Bwana njia yake, na Bwana hakumwacha.