James Chapin: unyoya mmoja, miaka 23 ya kutafuta

Ukipanda Kahuzi asubuhi utaona ndege juu ya tawi, na nyuma yake wingu jeupe. Unapiga foto. Ukiangalia, ndege amekuwa mweusi kama makaa. Rangi yote imepotea, juu mwanga ulikuwa nyuma yake. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyehangaika na rangi za ndege wa nchi yetu wakati kamera haikuweza kuzionyesha.

James Chapin alizaliwa New York mwaka wa 1889. Mwaka wa 1909, akiwa na miaka 19 tu, jumba la makumbusho la kule lilimtuma Kongo pamoja na Herbert Lang, Mjerumani aliyemzidi miaka kumi. Walizunguka Ituri na Uele zaidi ya miaka mitano. Mizigo yao ilibebwa vichwani na maelfu ya wapagazi wa kwetu, ambao wengi wao majina yao hayamo vitabuni.

Lang njo alishika kamera. Alipiga foto zaidi ya 9,000. Lakini foto za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na flashi ilikuwa unga unaolipuka kwa moto na moshi. Basi ndege alipigwa risasi, na Chapin akamchora kwa rangi za maji haraka, kabla rangi ya macho, mdomo na miguu haijafifia.

Mwaka wa 1913, pale Avakubi, aliona unyoya wenye mistari kwenye kofia ya mwanakijiji. Hakuujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka wa 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa tausi wa India. Unyoya ulikuwa wa aina ile ile! Huyo njo tausi wa Kongo. Mwaka wa 1937 Chapin alirudi kumtafuta msituni. Watu wa msituni walimjua tangu zamani. Ni vitabu vilivyochelewa.

Mwaka wa 1932 Chapin alimpa jina la kisayansi chozi wa Rockefeller, ndege mdogo wa milima yetu ya Kivu. Miaka ya 1950 alifanya kazi Lwiro, hapa karibu na Bukavu. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kongo, mabuku manne, kilikamilika mwaka wa 1954. Alifariki mwaka wa 1964.

Yule chozi ana kichwa cha kijani kinachong'aa. Ile kijani inaonekana tu mwanga ukimpiga kwa mbele. Ukitoka nyuma, anageuka mweusi. Leo wapiga foto wanatumia flashi ndogo, nguvu imepunguzwa, kuongeza mwanga kidogo upande wa kivuli. Jua la nyuma linabaki kama uzi wa dhahabu pembeni ya manyoya, na rangi ya kifua inarudi. Lakini usipige flashi kwenye kiota, wala usoni pa bundi usiku: utamsumbua.

Chapin alilazimika kuua ndege ili dunia ione rangi yake. Sisi tunaweza kuionyesha, na ndege akaruka zake.