Askofu Cassian Spiss, Mwanzilishi wa Peramiho

Miji huzaliwa kwa njia nyingi. Shinyanga ilikuzwa na reli na pamba, na baadaye na almasi za Mwadui. Geita ilikuzwa na dhahabu. Lakini iko miji mingine iliyozaliwa mlangoni pa nyumba ya watawa. Katika nchi ya Austria, iliyo nchi ya milima huko Ulaya, iko mingi ya namna hiyo, na mmoja wao ni St. Florian. Watawa walijenga nyumba yao, wakalima na kusomesha. Watu wakaja kukaa karibu, wakafanya soko. Na soko likawa mji mdogo.

Katika Tanzania mji wa namna hiyo ni Peramiho, ulioko kusini, upande wa magharibi wa Songea, mwendo wa kilometa 24 hivi. Na mtu aliyeuanzisha alitoka Austria yenyewe. Jina lake ni Cassian Spiss.

1. Mtoto wa milimani

Spiss alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha St. Jakob am Arlberg, katika jimbo la Tirol. Watu wa huko ni wafugaji kama walivyo Wasukuma, lakini ufugaji wao ni wa namna nyingine. Wakati wa baridi theluji hufunika malisho yote, na ng'ombe hukaa zizini miezi mingi wakila majani makavu yaliyokatwa mapema. Wakati wa joto wachungaji huwapandisha juu milimani, nao hukaa huko mpaka baridi irudi. Mtoto aliyelelewa katika nchi ya namna hiyo hujifunza mapema kupanda mlima, kuvumilia baridi na kutopoteza siku ya kazi.

Alipokuwa mtu mzima aliingia katika monasteri ya St. Ottilien katika nchi ya Ujerumani. Watawa wa huko ni Wabenedikto, yaani wafuasi wa Mtakatifu Benedikto aliyeishi Italia miaka 1,500 hivi iliyopita. Kanuni yake huwataka watawa kugawa siku yao baina ya sala na kazi, na kumtii mkuu wao, anayeitwa abate. Kwa desturi, Mbenedikto hufungwa na monasteri yake maisha yote. Lakini watawa wa St. Ottilien waliongeza jambo moja, maana walikubali kutumwa mbali kueneza dini. Wa kwanza wao walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakajenga Pugu. Mwezi wa Januari mwaka 1889, katika vita vya Abushiri, nyumba yao ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Spiss alipokubali kuja Afrika katika miaka iliyofuata, alijua vema habari hizo.

2. Kufika Ungoni

Mwaka 1898 Padre Cassian alifika Ungoni baada ya safari ndefu ya miguu, na mwisho wa mwezi wa Julai akaanzisha misheni mahali palipoitwa Peramiho.

Wangoni walikuwa watu wa vita wenye sifa kubwa. Babu zao walitoka Afrika ya Kusini, wakavuka mto Zambezi, wakaja kaskazini wakiwashinda watu njiani na kuwachanganya katika kabila lao. Lakini Padre Cassian alipofika, enzi yao ilikuwa imekwisha kupata pigo. Mwaka 1897 askari wa Kijerumani walijenga boma Songea. Wakawaita wakuu wa Wangoni kwenye shauri, na walipokuja wakawakamata, mpaka wakakubali kutawaliwa. Basi wamisionari walifika mwaka mmoja tu baada ya jambo hilo, wakiwa na rangi ile ile ya ngozi na lugha ile ile. Wangoni waliwezaje kujua kwamba hawa ni wengine? Swali hilo liliwafuata wamisionari kila mahali, na halikuwa rahisi kulijibu.

Padre Cassian alijitahidi kulijibu kwa kujifunza. Alisikiliza maneno ya wenyeji kwa bidii, akayaandika. Alitenganisha Kingoni cha asili, kilicho ndugu ya Kizulu, na Kisutu, lugha ya watu waliochanganyika na Wangoni. Maandishi yake juu ya lugha hizo mbili yalipigwa chapa Berlin mwaka 1904. Ni kazi yenye faida kubwa, maana Kingoni cha asili kilikuwa kikipungua, na lugha isiyoandikwa hufa pamoja na wazee wake.

3. Askofu

Mwaka 1902 Padre Cassian alifanywa askofu, akapewa ulinzi wa misheni zote za Wabenedikto katika nchi hii, tangu Dar es Salaam mpaka Ungoni. Ilimpasa kukaa pwani, lakini hakuwa mtu wa kukaa. Misheni zilitawanyika mbalimbali, na gari la moshi la kwenda kusini halikuwako. Aliyetaka kuziona alikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi, akilala hemani.

Wakati huo mambo yalikuwa yakiharibika. Serikali ya Wajerumani ilidai kodi, ikawalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya majumbe. Malipo yalikuwa haba na viboko vilikuwa vingi, na mashamba ya chakula ya watu wenyewe yakaachwa. Misheni nazo hazikukosa lawama. Ungoni, padre mmoja alichoma moto nyumba ya matambiko ya Nkosi Mputa. Yeye alidhani anaondoa giza. Wangoni waliona wametukanwa wao na babu zao. Kazi ya miaka mingi ya kujenga urafiki yaweza kuteketea kwa moto wa saa moja.

4. Safari ya mwisho

Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mganga aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Aliwagawia watu dawa ya maji, akawafundisha kwamba wote ni ndugu na kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Mwisho wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuenea.

Siku zile zile Askofu Cassian alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Pamoja naye walikuwako mabruda wawili, Andreas na Gabriel, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Njia ilipita Ungindo, karibu na Liwale, na Wangindo walikuwa wamekwisha kuingia vitani. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu, wapiganaji waliwashambulia, wakawaua wote watano. Askofu alikuwa na umri wa miaka 39.

Waliowaua hawakuwa na ugomvi na mtu yule mmoja. Waliona Wazungu watano wakipita katika nchi iliyoonewa na Wazungu. Mtu aliyeandika maneno ya Wangoni kwa upendo alikufa kwa makosa ya watu walioshika viboko. Ndivyo vita vilivyo: havimwulizi mtu matendo yake, huuliza tu ni wa upande gani.

5. Baada yake

Vita vilifika Ungoni, na mwezi wa Septemba Peramiho ikachomwa moto. Nyumba, kanisa na vitabu vikawa majivu. Kisha Wajerumani wakalipa kisasi. Walichoma vijiji na akiba za chakula, ikaja njaa kuu. Watu waliokufa kwa vita na njaa hawakupungua 75,000, na wengi wa wachunguzi huamini kwamba walizidi sana hesabu hiyo. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa siku moja, na Nkosi Mputa alikuwa mmoja wao. Kabla ya kufa kwao padre aliwaendea gerezani, na wengi wao wakabatizwa. Leo mahali walipozikwa pana makumbusho, nao wanaheshimiwa kuwa mashujaa wa nchi.

Hapo mtu angaliweza kusema kwamba kazi ya Askofu Cassian imekwisha. Lakini Wabenedikto walirudi, wakajenga tena juu ya majivu. Mwaka 1931 Peramiho ilifanywa abasia, na Gallus Steiger akawa abate wake. Kati ya mwaka 1943 na mwaka 1948 lilijengwa kanisa kubwa la matofali lililoko hata sasa. Palikuwa na shule, hospitali, karakana za maseremala na wahunzi, na kiwanda cha kupiga chapa, ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vilifika mbali sana. Mlangoni pakakua soko na mji. Mwaka 1957 ilianzishwa Hanga, monasteri ya watawa Waafrika, nayo baadaye ikawa abasia yenyewe.

Hivyo jambo lililokuwa la kawaida katika Austria likatokea Ungoni pia: nyumba ya sala na kazi ikazaa mji. Cassian Spiss hakuuona. Aliona vibanda vya kwanza tu, na alipokuwa akivirudia alikufa njiani. Mpanda mbuyu hatumaini kukaa kivulini mwake. Lakini wenye kukaa kivulini mwa Peramiho wana deni la kukumbuka mambo mawili pamoja: mtu aliyetoka milimani akapanda, na watu wa nchi waliopoteza maisha yao kwa sababu walikataa kuonewa. Asiyekumbuka moja la hayo hajaijua habari ya Peramiho.

Maswali

1. Miji iliyotajwa mwanzoni ilikuzwa na vitu gani?
2. Kwa nini Wangoni hawakuweza kuwatofautisha upesi wamisionari na serikali?
3. Maandishi ya Padre Cassian juu ya lugha yana faida gani?
4. Sababu za vita vya Maji Maji zilikuwa zipi?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mambo mawili yanayopasa kukumbukwa katika habari ya Peramiho.