Lord Rayleigh: Mgonjwa aliyepigia hesabu mtandao wako kabla redio haijabuniwa

Umewahi kukaa kitandani video ikagoma kabisa, ukasogeza simu kidogo tu na mambo yakaanza kunyooka? Usiilaumu simu. Kuna Mwingereza aliyeipigia hesabu shida hiyo mwaka wa 1880, kabla redio haijabuniwa.

Jina lake John William Strutt, ila wengi wanamjua kama Lord Rayleigh. Alizaliwa Novemba 12, 1842 katika familia ya mabwanyenye wa Essex. Usidhani pesa zilimrahisishia kila kitu. Afya yake ilikuwa mbovu: aliingia shule ya Eton akatoka, akaingia Harrow akatoka tena. Hata hivyo, mwaka wa 1865 aliibuka nambari moja katika mtihani wa hisabati, Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka wa 1872, muda mfupi baada ya kuoa, alilemewa na homa ya baridi yabisi. Akakimbia baridi ya kwao, akaja Misri na kuishi ndani ya mashua kwenye mto Nile. Wengine wangelala tu. Yeye alianza kuandika kitabu kuhusu sauti, kilichokuja kuwa maarufu.

Sauti ndiyo iliyomfikisha kwenye swali lake. Mawimbi mengi yakikutana, kila moja na mwendo wake, jumla ni nini? Kilele kikikutana na kilele, nguvu inaongezeka. Kilele kikikutana na bonde, yanauana. Rayleigh alionyesha kwamba huwezi kutabiri jumla yenyewe, lakini unaweza kukokotoa uwezekano wake. Mwaka wa 1905, mwanahisabati Karl Pearson aliuliza hadharani swali linalofanana, la mtu anayetembea hatua moja moja bila mwelekeo. Rayleigh alimjibu kuwa jibu analo tangu 1880!

Sasa rudi kwa simu yako. Mawimbi yanagonga kuta, mabati na magari, yanakufikia kwa njia kibao. Yanapouana, umeangukia shimo. Wimbi la Wi-Fi ya gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi, ndiyo maana kusogea kidogo tu kunakutoa shimoni. Wahandisi huita hali hiyo kufifia kwa Rayleigh. Ukiwa mahali ambapo mlingoti unauona wazi, hesabu hubadilika, kwa sababu wimbi moja linatawala.

Dawa yake? Antena nyingi. Tuseme uwezekano wa antena moja kuangukia shimo ni 1 kwa 10. Zikiwa nne, kila moja na bahati yake, uwezekano wa zote kuanguka pamoja ni 1 kwa 10,000. Tena miaka ya 1990, wahandisi walitumia hesabu hiyohiyo kuonyesha kuwa njia hizo nyingi zinaweza kubeba data tofauti kwa wakati mmoja. Kuta zilizokuwa adui zikageuka msaada.

Rayleigh alishinda Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi ya gesi ya agoni, na pesa za tuzo akazipa Cambridge. Alifariki Juni 30, 1919, bila kuiona simu ya mkononi.

Kwa hivyo ukiambiwa hesabu unayoikesha haina kazi, mkumbuke mgonjwa wa mto Nile. Kazi yake ilichelewa tu kufika.