Bela, mtu aliyechora pori kwa vidole

Ukipanda kuja Rurambo, kuna mahali utapumzika, utageuka nyuma na kuona bonde la Ruzizi limelala kule chini. Macho yanashiba, kisha unabeba mzigo wako unaendelea. Leo tunazungumzia mtu aliyeona pori namna hiyo, lakini yeye aliliweka kwenye karatasi, tena kwa vidole. Jina lake Bela.

Alizaliwa karibu na mwaka 1920 upande wa Fort-Archambault, mji ambao leo unaitwa Sarh, kusini mwa Chadi. Kabila lake ni Wasara, ndiyo maana wengi wanamwita Bela Sara. Hakufika Congo kama fundi. Alikuja kama boi wa Muzungu mmoja Mfaransa, Pierre Romain-Desfossés, ambaye alikuwa mchoraji. Wakakaa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Ule mji ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba, na Union Minière njo ilikuwa baba na mama wa wafanyakazi. Ni hapo, mwaka 1946, Romain-Desfossés alifungua atelye yake, watu wakaiita Le Hangar. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuiga tablo za Wazungu. Kila mtu achore kile anachokijua mwenyewe. Pilipili Mulongoy, aliyekuwa anapaka nyumba rangi, akachora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akajaza tablo zake mistari midogo midogo. Na Bela, boi wa nyumba, akaacha burashi kabisa.

Alichovya ncha ya kidole katika rangi, akagusa karatasi. Tena na tena, bila haraka. Alama moja ni jani; majani yanakuwa mti, miti inakuwa pori, na ndani yake kuna wawindaji, wanyama na maji. Ukiangalia unaona kama majani yanatikisika. Hakutafuta kuonyesha mahali fulani sawa na fotoo. Alionyesha namna pori linavyomjaa mtu ndani.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Bela naye akafa mwaka 1968, hapo hapo Lubumbashi, mbali sana na kwao. Tablo zake zilinunuliwa na Wazungu, zikavuka bahari. Mwaka 2015, karibu miaka 50 kisha kufa kwake, zilionyeshwa Paris, kwenye Fondation Cartier, pamoja na za wachoraji wengine wa Congo. Lakini maisha yake hayakuandikwa sana. Hata lile jina la pili tunalomwitia ni la kabila lake tu.

Mchimbaji anaelewa jambo hili haraka. Mkono wake pia unatoa kitu cha bei kinachoenda mbali, na yeye anabaki shimoni bila kujulikana. Tofauti ni hii: dhahabu ikishayeyushwa, hakuna anayeweza kusema ni nani aliitoa. Kidole cha Bela kingali kinaonekana kwenye karatasi.

Basi siku mtoto atashika kipande cha makala na kuchora mlima kwenye ukuta, mama, usikimbilie kufuta wala kumpiga. Mwite baba yake, muangalie kwanza ameona nini.